Ukurutu na joto la Lamu: vile mie hutuliza muwasho

Kama unasoma hii saa nane za usiku huku unajikuna nyuma ya goti kwa kitana, karibu mwenzangu, nakujua bila kukuona. Mie nimejikuna kwa kitana, nimejikuna kwa mgongo wa kisu, hata kwa ukuta nimejisugua, na nyumba zetu hizi za mawe na chokaa ukuta wake ni kama msasa, raha ya dakika moja halafu asubuhi shuka lina matone ya damu. Nina ukurutu tangu utotoni, wengine huuita pumu ya ngozi, na mwanangu wa pili kaurithi kama alivyorithi pua ya babake. Kazi yangu ni kutia maharusi hina hapa Langoni kwa hivyo mikono yangu ndio duka langu, ikipasuka sina kazi.

Mie si daktari. Haya ni yale niliyofundishwa hospitali na mengine nimeyajua kwa kuungua. Na nikwambie mapema usije ukapoteza pesa, ukurutu hauishi kwa chupa tatu za dawa ya kusafisha damu. Damu yako haina uchafu wowote. Shida iko kwa ngozi yenyewe, ni kama ukuta wenye nyufa, maji ya mwili yanatoka na vitu vya kuudhi vinaingia, ngozi inakasirika inawasha, ukijikuna unazidi kuubomoa ukuta na muwasho unazidi. Ndio maana utauona sana kwa familia zenye pumu ya kifua na mafua ya mzio. Watoto wengi hupata nafuu wakikua, wengine kama mie tunakua nao. Kuuponya kabisa hakuna, kuutuliza mpaka ukasahau kwa miezi kupo, na hilo ndilo nitakaloeleza.

Hatua ya 1: hakikisha ni ukurutu kweli

Hapa watu wengi sana hukosea, maana kila kinachowasha tunakipa jina moja na dawa moja. Ukurutu hupenda mikunjo, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, vifundoni, kwa watoto wachanga mashavuni. Huja ukaondoka, ukarudi palepale. Na usitafute ule wekundu wa kwenye picha, kwa ngozi zetu nyeusi pale mahali huiva kuwa zambarau au kijivu au peusi zaidi, mara nyingine ni vipele vidogo tu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ukipapasa ndio unajua.

Harara ni nyingine. Hiyo ni ya joto na jasho, msimu wa kaskazi, na usiku hakuna hata upepo, utawaona watoto wa mtaa mzima wana vipele shingoni na kifuani. Ukimpoza mtoto kwa maji, ukamvua manguo mazito, inaondoka yenyewe kwa siku chache. Usiipake Vaseline nene, itaziba jasho na kuzidi. Choa nayo ni duara, ukingo umeinuka na katikati kumeanza kupoa, huyo ni fangasi na anataka dawa ya fangasi.

Upele ndio mjanja zaidi. Ukiona mnawashwa nyumba nzima, tena usiku kupita mchana, na vipele viko kati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, kwa wanaume sehemu za siri, hao ni wadudu wadogo wanachimba chini ya ngozi na Vaseline hata ndoo nzima haitawatoa. Mnataka losheni ya benzili benzoeti, ile nyeupe kama maziwa, au krimu ya pemethrini, na mpake WOTE nyumbani siku moja, hata yule anayesema yeye hawashwi, shingo mpaka nyayo, mfue na mashuka, halafu mrudie baada ya wiki kama mtakavyoelekezwa. Kwa mtoto mdogo na mja mzito uliza kwanza kipimo. Na ukishatibiwa muwasho unaweza kubaki wiki mbili tatu hivi, usifikiri dawa imeshindwa ukajipaka kila siku, utaiunguza ngozi bure.

Halafu kuna piko, na hapa lazima niseme maana nina lawama. Hina yenyewe, majani yaliyosagwa, hutoa rangi ya hudhurungi au nyekundu na yataka saa kadhaa ishike. Piko nyeusi ya haraka mara nyingi imechanganywa na rangi ya nywele, na ndani ya ile rangi kuna kemikali inaitwa kwa kifupi PPD ambayo baadhi ya watu miili yao haiitaki kabisa. Miaka ya nyuma nilimtia bi harusi mmoja maua mazuri mpaka juu ya viwiko, siku ya pili akanipigia simu analia, kila ua limeinuka malengelenge, yaani mchoro ulikuwa unausoma kwa vidole ukifumba macho. Akatolewa nje kwa glavu za lesi na joto lile. Niliyetia ni mie, siwezi kumsingizia mtu. Tangu siku hiyo sichanganyi, anayetaka nyeusi atafute mwengine. Na kama piko iliwahi kukuwasha hata kidogo tu, usipake tena, wala rangi ya nywele usitie, maana mwili ukishaichukia hauisahau, na safari inayofuata huwa mbaya zaidi.

Hatua ya 2: maji

Maji ya visima vingi vya mtaani ni ya chumvi, unajua mwenyewe, sabuni haitoi povu. Sasa mtu afanyaje, anaongeza sabuni, ndio mwanzo wa balaa, maana ile sabuni inaganda kwa ngozi haitoki vizuri na ngozi ya ukurutu haitaki sabuni. Mie nafanya hivi. Naoga kwa maji ya kawaida ya birika, lile tangi la chooni si birika la chai, yasiwe ya moto, na najua maji ya moto juu ya muwasho yana utamu wake wa ajabu, lakini baada ya nusu saa unalipa. Dakika tano, kumi nyingi. Sabuni ni kwapani, sehemu za siri na nyayo, basi, tena isiyo na harufu. Mikono na miguu maji yanatosha, huendi kulima. Kama ngozi ni mbaya sana muulize mfamasia marhamu nyeupe isiyo na harufu ya kuogea badala ya sabuni, unaikoroga na maji kiganjani unajipaka unasuuza.

Kata mbili tatu za mwisho ziwe za maji matamu. Mvua ikinyesha mie natega mapipa na hayo maji siyachezei, ni ya kusuuzia tu mie na mwanangu. Dodoki tupa. Najua bibi yako alikusugua kwa dodoki ukang'ara, lakini kwa ngozi hii ni kuparua ukuta wenye nyufa.

Ukitoka usijifute kwa taulo kama unafuta sakafu. Chukua leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, ugusegusishe tu, ubaki na unyevu kidogo.

Bahari je? Kila mtu ana shangazi aliyemwambia akaoge baharini. Ngozi ikiwa nzima sioni ubaya, mwanangu huwezi kumzuia jetini hata umfunge kamba. Ikiwa imechanika chumvi itakuchoma mpaka uite mamako. Cha muhimu ni ukitoka usiache chumvi ikaukie mwilini, suuza kwa maji matamu na upake mafuta papo hapo.

Hatua ya 3: mafuta, mafuta, mafuta

Hii ndio dawa yenyewe na ndio watu hawaiamini kwa sababu ni rahisi. Ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ngozi bado ina unyevu, paka. Yale maji yaliyobaki unayafungia ndani. Ukingoja mpaka uvae, upige simu, uonje mchuzi, ushachelewa.

Mafuta gani? Vaseline ile ya kawaida isiyo na harufu ndiyo mie naiaminia, ni nzito, inateleza, lakini haina manukato na bei yake inavumilika. Mchana wa joto ukiona inakutokesha jasho tumia krimu nyepesi isiyo na harufu, nzito iwe ya usiku. Mafuta ya nazi yanayokamuliwa nyumbani wengi yanawafaa, mwanangu yanampenda, mie yananiwasha kidogo shingoni, basi kila mtu na ngozi yake. Ya zeituni siyashauri ingawa najua tunayaheshimu, ya kula sawa, ila yalipopimwa juu ya ngozi yalionekana kuudhoofisha ule ukuta badala ya kuujenga. Ya habasoda yana watu yanawachoma, ukitaka kujaribu paka tone ndani ya mkono siku tatu nne uone. Ndimu na chumvi usithubutu.

Kiasi ndio siri. Mtu mzima mwenye ukurutu mwili mzima anahitaji robo kilo mpaka nusu kilo kwa WIKI, mtoto nusu yake. Ndiyo, kwa wiki. Ukiona kopo dogo limekukalia miezi miwili jua hupaki, unajinusisha. Chota kwa kijiko safi usitie vidole, vidole vinaingiza vijidudu, halafu paka kwa kuteremsha kufuata malaika, zile nywele ndogo za mwilini, wanavyolala, usisugue.

Na hili nimelibuni mwenyewe na ndilo limenisaidia kupita yote. Mara tano kwa siku tunatia udhu, mara tano mikono na miguu inalowa na kukauka, na kule kukauka ndiko kunakopasua. Basi kopo langu dogo linakaa kando ya mswala. Nikimaliza udhu najikausha kwa kitambaa, napaka, nasimama kuswali. Sihitaji alamu wala kukumbushwa na mtu, adhana inanikumbusha. Nikirudia udhu na mkono bado una Vaseline nene naipangusa kwanza maji yafike ngozini.

Hatari moja watu hawaijui: Vaseline ikizoea kuingia kwa nguo, ile nguo ikiguswa na moto inashika upesi sana, na kufua hakuyatoi mafuta yote. Sasa fikiria sisi wanawake tunavyosimama juu ya chetezo kufukiza nguo. Usifanye ukiwa na leso ya kulalia iliyojaa mafuta, na watoto wakae mbali na jiko la mkaa. Isitoshe moshi wenyewe wa udi na ubani mimi hunichokoza, na marashi pia, nayatia kwa nguo tu si kwa ngozi.

Hatua ya 4: krimu za steroidi, usiziogope na usizichezee

Ngozi ikiwaka, mafuta peke yake hayatoshi, unahitaji krimu ya kuzima moto. Hapa nina kisa. Nilienda kemisti moja, sitaitaja, nikamuonyesha kijana aliyekuwa pale uso wangu, akanipa tyubu akasema "hii inamaliza kila kitu". Wallahi ilimaliza. Siku tatu uso laini kama wa mtoto. Nikapaka miezi minne mitano, kila siku, mpaka kope. Ndani kumbe kulikuwa na dawa tatu, ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali ya kundi la juu kabisa, klobetasoli. Ngozi ikawa nyembamba, chunusi zikajaa, mishipa ikaonekana mashavuni, na nilipoacha ghafla uso ukawaka moto ikawa nikitoka nafunika uso kwa ninja ingawa si kawaida yangu. Miezi ilipita kabla haujatulia. Na krimu hizohizo za mchanganyiko ukiipaka choa, inajificha siku mbili tatu halafu inasambaa imebadilika sura, hata daktari anapata tabu kuijua.

Basi zikoje? Kuna hafifu kama haidrokotisoni ya asilimia 1, kuna kali kama betamethasoni, na kuna kali sana ndio klobetasoli. Uso, kwapa na kinena ni hafifu tu. Viganja, nyayo na penye ngozi nene kama ngozi ya punda ndipo daktari anaweza kukupa kali. Soma jina dogo la dawa kwenye tyubu, usisome picha ya mwanamke mweupe anayetabasamu.

Kipimo chake ni kidole cha shahada. Kamua kutoka ncha ya kidole mpaka pingili ya kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka mara moja au mbili kwa siku, kama ulivyoandikiwa, pale panapowaka tu, kwa kawaida wiki moja mpaka mbili, mpaka ukipapasa pawe laini. Mafuta na krimu visigongane, achanisha kama nusu saa. Kwa wale ambao panarudi palepale kila mwezi, daktari anaweza kukwambia upake siku mbili kwa wiki hata kama pamepona, mimi ndivyo ninavyofanya viganjani tangu mwaka juzi na imenipunguzia sana.

Upande wa pili nao una makosa. Mavyaa wangu hakutaka mtoto aguswe na krimu yoyote, ati itamfanya mweupe, mtoto akawa halali anajichuna mpaka maji yanamtoka. Yale mabaka meupe yanayobaki baada ya kupona mara nyingi yameletwa na ukurutu wenyewe, si krimu iliyotumiwa sawa, na rangi hurudi polepole, miezi. Nilimuonyesha picha za kabla na za baada kwenye simu ndipo akanyamaza. Siku hizi yeye ndiye anayempaka.

Sindano ya mzio na vidonge vya steroidi vinavyouzwa kiholela, hapana. Unapona wiki moja, ukiacha unarudi pabaya kuliko ulikotoka.

Hatua ya 5: usiku

Mchana unajizuia, usiku mkono unajiendea wenyewe. Kata kucha fupi na uzipige tupa, za mtoto kila Ijumaa pamoja na sunna zake. Lala na nguo ya pamba, kikoi au deras lililochakaa, feni ikupige. Kopo la Vaseline liweke ndani ya friji, ikija baridi inatuliza kuliko unavyodhani. Muwasho ukikamata usikune, bonyeza kwa kiganja, au chupa ya maji baridi uliyoifunga kitambaa, hesabu mpaka mia. Watu wanacheka lakini muwasho una wimbi lake, hupanda hushuka.

Mtoto akizidiwa mpake mafuta mengi, chukua kipande cha leso ya pamba ukiloweshe maji ya uvuguvugu ukikamue, umzungushie mkono au mguu, juu yake kipande kikavu. Saa moja mbili tu unaona amelala. Usifanye hivyo kama kuna vidonda vinavyotoa usaha, na chini ya kile kitambaa usipake krimu kali. Piriton inakulaza lakini muwasho wenyewe wa ukurutu haiutoi sana, ni ya usiku mmoja mmoja mbaya, na kama wewe ni nahodha na alfajiri unashika usukani wa boti, iache.

Chakula

Utaambiwa uache pweza, kamba, mayai, biringani, maziwa, mwisho ubaki na ugali na maji. Watu wazima wengi ukurutu wao hauletwi na chakula. Kama kila ukila kamba midomo inavimba au mwili unapanda vilima ndani ya saa moja mbili, huo ni mzio na umwambie daktari. Lakini mtoto usimnyime samaki na mayai kwa kusikia tu, utamdhoofisha na ngozi itabaki vilevile. Mie biringani nakula.

Nguo zifue usuuze mara mbili, maana sabuni kwenye maji ya chumvi haitoki kirahisi. Chini ya buibui la nailoni vaa pamba.

Lini ukimbie hospitali

Ukiona maganda ya rangi ya asali, usaha, joto pale mahali na maumivu badala ya muwasho, vijidudu vimeingia. Ukiona malengelenge madogo mengi yanayofanana, yanapasuka yanaacha vishimo vya duara, na homa, hasa karibu na macho, usingoje kesho wala usingoje boti ya asubuhi kama uko Pate au Kiwayuu, tafuta njia uvuke usiku huohuo, hiyo ni ile virusi ya vidonda vya mdomo imeshika ngozi ya ukurutu na ni ya hatari kwelikweli. Na kama umefuata haya yote wiki nne na mtoto bado halali wala haendi shule, omba barua ya rufaa kwa daktari wa ngozi, zipo dawa nyingine za kupaka zisizo steroidi, zafaa hasa kwa uso na kope, lakini hizo ni za kuandikiwa.

Ukienda piga picha siku ngozi ilipokuwa mbaya, maana siku ya daktari ndiyo siku huamua kupendeza. Na beba kila tyubu uliyowahi kupaka, zote, zitie kwa mfuko. Mie safari ya kwanza ile moja niliiacha nyumbani kwa aibu, ikabidi nipange foleni tena wiki iliyofuata kwenda kuionyesha.